Picha Safi ya Minza

Tulimzika Mzee Magesa kwao Majita, pembeni ya shamba la mihogo linaloteremka hadi ziwani. Walipouliza kama kuna mtu wa kazini anayetaka kusema neno, nikasukumwa mbele mimi. Nilisema yale yanayosemwa. Kwamba alikuwa mtu wa haki, aliipenda kazi, hakuwa mtu wa pombe (wazee wawili mbele yangu wakaangaliana), na kwamba mashine yetu ya MRI ilimsikiliza yeye kuliko ilivyotusikiliza sisi tulioiendesha. Watu wakaitikia, mchungaji akashukuru, nikarudi kwenye kiti changu cha plastiki nikiwa nimejichukia kabisa. Kati yangu na yule mzee kulikuwa na jambo moja tu la maana la kusemwa, nami nililiruka. Nilipokuwa na miaka ishirini na saba, mwanamke mmoja wa Igombe alikaribia kupoteza miguu yake, na shangazi yake akapoteza nyumba yake, kwa sababu ya picha niliyoisafisha mimi mpaka ikapendeza. Mzee Magesa alijua. Aliniachia niseme mwenyewe, na alisubiri mpaka wakamfukia.

Hospitali yenyewe sitaitaja, maana wapo wanaofanya kazi pale hadi leo na hawana kosa. Ilikuwa Ilemela, juu ya majabali, na ukitoka mlango wa nyuma ulikuwa unaona ziwa na ndege zikishuka uwanjani. Mashine ilikuwa imefika mwaka ule ule. Watu waliita kila tulichofanya mionzi, ingawa mle ndani hamkuwa na mionzi yoyote, ni sumaku kubwa tu yenye umbo la pipa lililolazwa, na mgonjwa anaingizwa humo akiwa amelala chali. Kilichowatisha ni kelele. Mashine ile ilikuwa inagonga, inakereza, inanyamaza kidogo halafu inaanza upya kwa mpigo mwingine. Tuliwapa vizibo vya masikio na kipira cha kubonyeza wakizidiwa. Wamama wa makanisani waliimba kimoyomoyo, midomo ikicheza. Lakini wafanyakazi wa viwanda vya Nyakato, wale wa mashine za kukamua mafuta ya pamba, walikuwa wakilala usingizi. Mmoja nilimwamsha akanilalamikia kwamba tangu aanze likizo hajalala vizuri namna ile.

Mimi kelele za masikio hazikunisumbua. Zilizonisumbua ni zile za kwenye picha, ambazo sisi tuliziita chenga, kama chenga za televisheni za zamani enzi za antena juu ya bati. Mwili wa mtu ukiwa ndani ya sumaku hutoa ishara ndogo sana, ndogo kama stesheni ya redio ya mbali, na mashine inatega sikio ipate kuisikia. Redio za mjini, simu, mashine za kuchomelea vyuma, vyote hivyo vingeifunika. Ndiyo maana ukuta mzima wa chumba kile ulikuwa umevikwa shaba ndani kwa ndani, pande zote, hadi darini, na mlango wake ulikuwa na meno membamba ya shaba kuzunguka ukingo wote. Mlango ukifungwa, meno yale yanagusa fremu na chumba kinakuwa kimezibwa kabisa. Haya yote nilifundishwa na nilipata alama nzuri. Nayataja ili isije ikaonekana kwamba nilikosa kwa kutojua.

Kisha wakaja wadudu wa ziwani. Aliyekaa Mwanza anawajua, wanapanda kutoka majini kama moshi wa majani mabichi, upepo ukigeuka wanakuja mjini, na wakishaingia ndani unawazoa kwa beleshi. Kwangu Mkuyuni, kama ilivyo kwa kila mtu, tulilaza kanga kuukuu iliyokunjwa kwenye kizingiti cha mlango. Kazini wakaanza kuingia chumba cha sumaku. Walifuata taa ndani ya pipa, wakamtua mgonjwa usoni, na mgonjwa ameambiwa asijitikise hata kidogo. Bibi mmoja alijikuna pua, dakika saba za kazi zikaharibika. Kesho yake nikaja na kipande cha kanga kutoka nyumbani, kilikuwa na maua ya zambarau, nikakikunja mara mbili nikakilaza kizingitini. Mlango ulifunga juu yake kwa kubanabana. Wadudu wakaisha. Nilikuwa nimeonywa kuhusu chuma katika chumba kile, si kuhusu kitambaa, na nilijiona mwerevu sana.

Chenga zilianza wiki ile ile, na sikuziunganisha na kanga. Picha zilitoka na mchangamchanga juu yake, nyingine zikiwa na mstari wa nukta unaokatiza katikati. Tulikuwa na foleni ya watu kutoka Geita, Bunda, Ukerewe, na kila siku msimamizi alipita kuuliza tumefikisha wangapi. Dawa halali ya chenga ni kurudia. Unaisikiliza sehemu ile ile mara nne, mara sita, unazijumlisha, na kila ukirudia picha inatulia. Lakini kurudia kunakula muda. Mimi nilikuwa nimeshapunguza marudio mpaka moja ili foleni iende. Kwenye kompyuta kulikuwa na sehemu ya kulainisha picha, ambayo tulifundishwa kuigusa kidogo tu, kama chumvi. Nikaigusa kidogo. Picha ikapendeza. Siku ya pili nikaongeza, na baada ya mwezi nilikuwa naisukuma mpaka mwisho bila kufikiri. Dokta Mushi, aliyezisoma picha zetu kwenye ofisi yake ya ghorofani, aliteremka siku moja mbele ya wenzangu akasema, "Stazia, picha zako siku hizi ni safi kuliko za Dar." Nilijua nilichokifanya kupata usafi ule. Hata hivyo furaha ilinijaa, nikanunua soda ya kila mtu.

Mzee Magesa alikuwa fundi wetu wa vifaa. Mjita mrefu, mkimya, ambaye l na r zake zilikuwa zinabadilishana viti apendavyo yeye, na sitaziandika hapa kwa sababu alichukia kuigizwa. Aliziona zile picha akakunja uso. "Binti, hii umeipaka poda," akaniambia. "Mtu mwenye ndui ukimpaka poda amepona?" Nikamjibu kwamba mimi si fundi, aondoe chenga yeye, nami nitaacha poda. Akaanza kuzitafuta. Alikuwa na redio ndogo ya betri ya kusikilizia matangazo ya vifo. Alisimama nayo ndani ya chumba, nyuma ya mstari mwekundu wa sakafuni ambao vitu vya chuma havivuki, akaniambia nifunge mlango. Redio ikanyamaza kimya kabisa, ndivyo inavyotakiwa. Akapiga picha ya chupa ya maji ya majaribio. Safi, bila poda. Akaondoka, na mgonjwa aliyefuata akatoka na chenga kibao. Akarudi siku ya tatu, redio kimya, chupa safi. Akabadilisha taa zote. Akazima feni, akaifungua pampu ya maji ya kupozea, akateremka hadi kwa mafundi wa kuchomelea mageti chini ya kilima, akawabembeleza wapumzike saa nzima siku fulani. Tukamtania kwamba chenga zinamwogopa, zinamsalimia shikamoo na kupotea. Alicheka kidogo, lakini alikonda. Alikuwa akija anakaa kwenye ngazi na chapati yake mkononi anasahau kuila.

Minza aliletwa mwishoni mwa msimu wa wadudu. Alikuwa na miaka kama thelathini na mbili, muanika dagaa wa Igombe, mabega mapana ya mtu anayebeba ndoo kutoka kwenye mtumbwi huku maji yakimfika kiunoni. Dada yake, Holo, alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi wiki mbili kabla, kwanza vidole, baadaye magoti, na sasa hakuisikia hata akijikojolea. Hilo la mkojo alinong'ona kwa kunivuta shingo, tukagusana mashavu. "Dada, nina watoto watatu," akasema. "Niambie ukweli, nitatembea?" Nikamwambia ngoja tuone. Nikamlaza, nikampa vizibo na kipira, nikafunga mlango juu ya kanga. Nilimpiga picha ya uti wa mgongo kwa pande mbili, marudio moja moja, kwa sababu nje walikuwa wamebaki kumi na mmoja. Picha zikaja na mchanga wao. Chini kwenye uti, karibu na unapoishia, palikuwa kama pamevimba kidogo na pana vinukta vinukta. Nilivitazama. Nakumbuka kabisa nilivitazama, na nikasema moyoni, chenga. Nikasukuma kulainisha mpaka mwisho, uti wa Minza ukatoka laini kama utambi wa mshumaa. Dokta Mushi akasoma, akaandika kwamba hakuna kasoro iliyoonekana.

Siku iliyofuata Holo alifuata majibu, na nilimkuta kwenye kibanda cha chai nje ya geti, amenipa mgongo, akizungumza na mwanamke mwingine aliyekuwa akisubiri mgonjwa wake. Nilikuwa na kikombe na andazi, nikakaa benchi la pili. Holo alisema, "Mashine kubwa vile imemwangalia mpaka ndani ya mifupa, imeandika hamna kitu. Sasa kama hamna kitu na miguu haiendi, si ni mkono wa mtu?" Yule mwingine akauliza ni nani. Holo akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la jirani tu, "Shangazi Ngollo. Waligombana mwezi wa pili, pahali pa kuanikia. Alimwambia Minza, utaona. Sisi tulikuwa tunabisha, baba alikuwa anabisha, tukasema kwanza twende hospitali. Sasa hospitali yenyewe imesema." Mwenzake akaguna. Holo akalikunja lile karatasi la majibu taratibu, akalitia kwenye sidiria. Sikuweza kumaliza andazi. Wasukuma wa pale wana vikongwe waliokufa kwa maneno madogo kuliko hayo, na kila mtu katika benchi lile alilijua hilo. Nami nilirudi ndani nikawapiga picha watu tisa.

Sijui ningekaa nalo muda gani. Pengine milele, najijua. Lakini zaidi ya wiki mbili baadaye Mzee Magesa alikuja bila kupiga simu, siku ambayo si yake, kwa sababu alikuwa ameota kwamba tatizo ni swichi ya ukutani. Nilikuwa namtoa mgonjwa, mlango uko wazi. Mzee akakanyaga kitu laini. Akainama, akakiokota, akakikunjua mbele ya uso wake, yale maua ya zambarau.

"Hiki ni nini?"

"Kanga, mzee. Ya wadudu."

"Kinakaa hapa?"

"Ndiyo."

"Kila siku?" Akaangalia meno ya shaba chini ya mlango, yalikuwa yamelala upande mmoja kama nyasi zilizolaliwa na mbuzi. "Mimi nimekuja hapa mara ngapi? Mara saba? Kilikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakiondoa."

"Kwa nini ulikiondoa?"

"Ulikuwa unakuja wewe, mzee." Na kweli hakukuwa na sababu nyingine. Mtu mzima akija unaondoa tambara mlangoni, asiruke matambara kama anaingia kwenye banda. Mama yangu angenichapa. Kila alipopiga simu kwamba yuko njiani nilikiokota, nikafagia, nikampangusia kiti.

Akakaa sakafuni. Nilidhani atanipiga, badala yake alianza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa ile kanga, halafu kicheko kikakatika na akawa na hasira ambayo sijaiona kwake kabla wala baada. Hakupaza sauti. Aliuliza tu ni wagonjwa wangapi. Nikasema sijui. Akasema, "Unajua." Ndipo nikamwambia habari ya Minza, yote, mpaka ya kibanda cha chai.

Picha ghafi zilikuwa bado zipo, zile za kabla ya kulainishwa. Nikazifungua. Mzee hakuwa daktari na hakujifanya, ila alijua chenga. Akaniambia niweke picha za pande mbili sambamba, ile ya ubavuni na ile ya kukata kwa upana. "Chenga hazina kwao," akasema. "Leo zipo hapa, ukirudia zipo pale. Kinachokaa pahali pake picha zote mbili, hicho ni cha mtu." Tukahesabu pingili kwa kidole. Mchanga ulitawanyika ovyo kila mahali, lakini vile vinukta vya chini vilikuwa pale pale, katika picha zote mbili, kwenye pingili ile ile. Nilipanda kwa Dokta Mushi, nikamweleza kanga, marudio na poda. Alivua miwani akanitazama, na nadhani alikuwa anaikumbuka sifa aliyonipa mbele za watu. Akasema, "Mtafute huyo mama kesho. Kama ni ninachofikiri, kila siku ina hesabu yake."

Tulikwenda Igombe mimi na Mzee, asubuhi. Ufukweni dagaa walikuwa wameanikwa kwenye nyavu, fedha tupu mpaka macho yanauma, ila pahali pamoja katikati, penye ukubwa wa vyumba viwili, nyavu zilikuwa zimechanwa na dagaa wamekanyagwa mchangani na kunguru wanachagua. Hatukuuliza. Nyumbani kwa baba yake Minza tulikaribishwa kama wageni wa heshima, tukanawishwa, tukaletewa ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha kwa nyanya. Nilipokuwa nakula nilisikia uani wanawake wakisema kwa Kisukuma, wakidhani sisi wote ni watu wa Mara: Ngollo ameondoka na godoro tu, amevushwa Sengerema kwa binti yake, na hata mlango hakufunga. Minza alikuwa amelala chumba cha pili, kwenye mkeka, mizigo imefungwa pembeni. Siku mbili baadaye wangempeleka kwa mganga upande wa Bariadi, na huko angekaa miezi. Nilipomwambia anahitajika hospitali kupigwa picha upya, alinishika mkono tu, hakuuliza. Aliyeuliza ni baba yake. "Mwanangu, hiyo ya kwanza si ilisema hamna kitu? Imekuwaje?"

Mzee Magesa aliweka tonge chini. Nilikuwa na sentensi nzima tayari mdomoni, fupi tu: picha ya kwanza niliiharibu mimi. Badala yake nikasema, "Ugonjwa ulikuwa bado mdogo, baba. Ulikuwa haujaonekana." Baba yake Minza akaitikia kwa kichwa, akashukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja. Mzee Magesa hakulichukua tena lile tonge.

Tulimpiga Minza picha ya pili siku kumi na tisa baada ya ile ya kwanza. Kizingiti kilikuwa kitupu, meno ya shaba Mzee alikuwa ameyanyoosha moja moja kwa koleo ndogo, na marudio yalikuwa sita. Ilichukua karibu saa nzima. Wadudu wachache waliingia, na mara mbili niliona kwenye skrini shavu lake likicheza wakimtembelea, lakini hakujitikisa. Picha ilipokuja haikuwa laini hata kidogo. Ilikuwa na chembechembe zake kama kitambaa cha pamba, na katikati yake uvimbe ule na vinukta vile vilionekana hata kwa mpita njia. Dokta Mushi aliteremka mwenyewe, akaisoma amesimama nyuma yangu, akasema kichocho. Mayai ya kichocho yalikuwa yamefika kwenye uti wa mgongo, kwa mtu aliyeingia ziwani kila siku tangu utoto. Akapewa vidonge vya kichocho na dawa za kushusha uvimbe. Baada ya miezi mitatu mguu wa kulia ulikuwa umerudi wote. Wa kushoto ulirudi nusu, hauna mkunjo mzuri gotini, na daktari alisema wazi kwamba nusu iliyobaki huenda ilipotea katika zile siku kumi na tisa.

Kule Igombe wakajua Minza amepona kwa dawa za hospitali. Lakini hawakumrudisha Shangazi Ngollo. Walisema kichocho wanacho wote, mbona kimepanda mgongoni kwa mmoja tu, na tena baada ya ugomvi? Walisema picha ya kwanza ilikuwa safi, baadaye kikatumwa. Niliyasikia hayo kwa Minza mwenyewe, akinisimulia kwa imani yote. Tulipotoka Igombe siku ile Mzee Magesa aliniambia njiani, "Ulichosema pale utakwenda kukirudisha wewe. Mimi sitakusemea." Hakulitaja tena mpaka anakufa. Alinifundisha kazi yote iliyobaki, akala harusi yangu, akawapa wanangu majina ya utani, na kila mwaka Minza alipokuja na fimbo yake kuniletea gunia dogo la dagaa safi wa kwanza, na kuwaambia watu kwenye benchi, "Huyu ndiye aliyenirudishia miguu," mzee alikuwa anainuka na kutoka. Mimi niliwapokea wale dagaa. Niliwakaanga, tukala. Mwanzoni niliogopa kufukuzwa kazi, baadaye niliogopa kupoteza cheo, na mwisho, nikisema kweli, niliogopa kukosa zile shukrani.

Wiki mbili baada ya mazishi nilikwenda Igombe peke yangu. Minza ana mvi sasa, na ana wanawake wanne wanaomfanyia kazi. Nilimweleza nimesimama, kanga, poda, vinukta nilivyoviona nikaviita chenga, na jibu nililompa baba yake, ambaye alishafariki akiliamini. Nilitegemea anipige, au alie. Aliendelea kugeuza dagaa kwa mkono mmoja kama hasikii, mpaka mwisho wa wavu, akarudi. Akasema, "Usiniambie mimi. Twende ukamwambie yeye."

Kwa hiyo tulivuka daraja jipya la Busisi, tukafika Sengerema kabla ya saa sita. Shangazi Ngollo alikuwa ameketi kwenye kigoda uani kwa binti yake, anachambua choroko kwenye ungo, mdogo kuliko nilivyomfikiria miaka yote. Sikuwahi kumwona. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akamtazama Minza. Nikapiga magoti nikasema yote, na safari hii sikuacha hata maneno ya kibanda cha chai. Mikono yake haikuacha choroko. Nilipomaliza aliniuliza kama nina watoto, nikasema wawili, akasema Mungu awakuze. Halafu akamgeukia Minza.

"Huyu simdai," akasema. "Mashine yake haikunijua. Wewe nilikubeba mgongoni, Minza. Ulinijua."

Minza aliiweka fimbo yake chini, akashika ukuta, akaanza kupiga magoti. Goti la kulia likafika. La kushoto likagoma, mguu ukabaki umenyooka mbele yake, akawa anayumba nusu amesimama nusu amepiga magoti, machozi yanamtiririka na hawezi kwenda juu wala chini. Niliinuka nimsaidie. Shangazi Ngollo alinizuia kwa mkono. Akauweka ungo pembeni, akainama kutoka kwenye kigoda chake, akaushika ule mguu kwa mikono miwili, chini ya goti na kwenye kifundo, akaukunja taratibu mpaka ukalala.